Rockefeller, mtu aliyechukia kupoteza hata tone moja

Kwetu huku mashariki, petroli na esansi si kitu kimoja. Petroli ni ya taa, esansi ni ya pikipiki na motokari, mazuti ni ya lori. Mama anayetuma mtoto na chupa kwa butiki anajua vizuri anataka nini. Tofauti hiyo inatusaidia kuelewa maisha ya mtu tunayemuzungumuzia leo, juu utajiri wake ulianza na petroli ya taa, wakati ule ambapo esansi ilikuwa takataka ya kutupwa mtoni.

John Davison Rockefeller alizaliwa tarehe 8 Julai 1839 katika kijiji cha Richford, jimbo la New York, Marekani. Jina yake watu wengi wanaitaja tu kwa kusema mtu fulani ni tajiri. Lakini maisha yake yanaonyesha pia namna Wamarekani wanavyofikiri juu ya mali ya chini ya udongo: ni ya nani, nani ana haki ya kuitoa, na iuzishwe bei gani. Ni maulizo tunayoishi nayo kila siku Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika, lakini kwa sheria tofauti kabisa.

Baba yake, William, alikuwa muuza dawa wa kuzunguka. Alijiita daktari bila kuwa daktari, alipotea nyumbani miezi mingi, na kumbe kiisha alioa mke mwingine kwa jina ya uongo. Mama yake, Eliza, alikuwa Mubatiste mkali wa sala. Yeye njo alifundisha mtoto kuweka akiba, kutoa sadaka na kuogopa kupoteza kitu. Akiwa bado kijana mdogo, John alifuga bata mzinga, akakusanya dola 50, akazikopesha mkulima mmoja kwa faida ya asilimia 7. Mwaka ulipoisha, aliona faida ile inapita kile alichopata kwa kuchimba viazi siku nyingi chini ya jua. Hesabu hiyo hakuisahau maisha yake yote.

Familia ilihamia karibu na Cleveland, jimbo la Ohio. Akiwa na miaka 16 alitafuta kazi kwa miguu, ofisi kwa ofisi, majuma mengi. Tarehe 26 Septemba 1855 alipokelewa kama msaidizi wa mwandishi wa hesabu, na siku hiyo aliifanyia sherehe kila mwaka mpaka uzee. Alinunua daftari ndogo, akaandika ndani kila senti iliyoingia na iliyotoka, hata sadaka ya kanisa. Aliamini kwamba uwezo wa kupata feza ni zawadi ya Mungu, na kwamba mwenye zawadi hiyo ana wajibu wa kuzitafuta kwa nguvu kisha kuzigawa. Mafundisho ya namna hiyo si mageni katika masikio yetu, na kule kwao njo yaliunda namna ya kuangalia kazi, mali na hata maskini.

Mwaka 1859, tarehe 27 Agosti, Edwin Drake alipiga shimo pale Titusville, jimbo la Pennsylvania, na akiwa amefika metre 21 hivi chini, mafuta yakaonekana. Mbele ya hapo, watu waliwasha mishumaa ao mafuta ya nyangumi, ambayo yalikuwa yamekuwa ghali sana. Sasa kukaonekana kitu cha bei nafuu, na watu wakakimbilia kule kama vile kwetu wanavyokimbilia pahali dhahabu imeonekana.

Hapa inafaa tusimame kidogo, juu bila kuelewa sheria ya ardhi ya Marekani hatuwezi kumuelewa huyu mtu. Kule, mwenye shamba ni mwenye shamba kuanzia majani ya juu mpaka vilindi vya chini. Makaa ya mawe, mafuta, gesi, vyote ni vyake, isipokuwa kama yeye ao mwenye kumutangulia alikwisha kuviuzisha. Kampuni ikitaka kuchimba, inakuja kugonga kwake mlangoni, inapatana naye, inamupa sehemu ya kile kinachotoka. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa sehemu moja kwa nane.

Kwetu Kongo ni kinyume. Tangu sheria Bakajika ya mwaka 1966 mpaka Katiba ya leo, Serikali njo iko na mamlaka juu ya udongo na vyote vya chini yake. Mkulima wa Mwenga ao wa Walikale anaweza kulima shamba la babu yake miaka yote; siku kasiteriti ao dhahabu inaonekana ndani, ile madini si yake. Permi inatoka Kinshasa. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inapanga asilimia 15 ya kodi ya uchimbaji iende kwa sheferi, sekta ao komini ya pahali, lakini hiyo ni feza ya ofisi, si ya mwenye shamba. Mmarekani akielezwa sheria yetu anashangaa. Kwake, kumunyima mtu kilicho chini ya miguu yake ni kama kumunyima uhuru.

Lakini sheria yao nayo ilikuwa na shida yake. Mafuta hayakai pahali moja kama jiwe, yanatembea. Shimo la mafuta la chini linaweza kupita chini ya mashamba kumi. Sasa ni ya nani? Mahakama za kule zilijibu kwamba mafuta ni kama nyama ya pori: ikitoka shambani kwako ikaingia kwa jirani, ni ya yule anayeikamata. Basi kila mwenye shamba akaelewa kwamba akingojea, jirani atanyonya yote. Kila mtu akachimba haraka, akachimba sana, akatoa hata wakati hakuna wa kununua. Mwanzo wa mwaka 1861 pipa moja lilifika dola 10. Mwisho wa mwaka ule ule, senti 10. Pipa lenyewe la mbao lilikuwa ghali kupita mafuta ya ndani. Mafuta yalimwagika katika mito na mashamba. Mji wa Pithole ulipanda mwaka 1865, kwa miezi michache ukafika wakaaji 15 000, na hoteli, na nyumba za starehe. Mafuta yalipopunguka, watu walihama, na mwaka 1878 kiwanja cha mji mzima kiliuzishwa dola 4 na senti 37. Wale wasomaji wetu wanaojua miji inayozaliwa kando ya shimo la dhahabu hawahitaji kuchorewa picha.

Rockefeller aliangalia fujo ile, na roho yake ya kijana wa daftari ikachukizwa. Hakuenda kuchimba. Aliona kwamba wachimbaji watakuwa wengi siku zote na watapigana bei kati yao, lakini mafuta yote lazima yapite mlango mmoja, kiwanda cha kuyasafisha ili yatoke petroli ya taa. Akaenda kusimama pale mlangoni. Mwaka 1863 aliingia katika biashara ya kusafisha mafuta pale Cleveland, mwaka 1865 akanunua sehemu ya wenzake kwa dola 72 500 katika mnada, na tarehe 10 Januari 1870 akaunda kampuni Standard Oil yenye mtaji wa dola milioni moja.

Ndani ya viwanda vyake, hakuna kitu kilipotea. Pipa alilokuwa ananunua dola 2 na nusu, alianza kutengeneza mwenyewe kwa chini ya dola moja. Wasafishaji wengine walimwaga esansi usiku katika mto Cuyahoga, juu ilikuwa hatari na hakuna aliyeihitaji. Yeye aliitumia kama kuni za viwanda. Mabaki mengine yalitoa nta ya mishumaa na grisi ya mashine. Siku moja alikuta mashine inafunga bidoni za petroli za kutuma ngambo, kila bidoni kwa matone 40 ya risasi iliyoyeyushwa. Akauliza kama walijaribu 38. Walijaribu, bidoni zingine zikavuja. Kwa 39 hakuna iliyovuja. Tangu siku hiyo ikawa 39, na tone lile moja likamuokolea maelfu ya dola.

Huo ni upande mmoja wa sifa yake, na ni sifa ya kweli. Bei ya petroli kule Marekani ilishuka kutoka senti 26 hivi kwa galoni mwaka 1870 mpaka chini ya senti 10 miaka 15 nyuma yake. Maskini wakapata mwangaza usiku. Mtoto wa mkulima akaweza kusoma kiisha jua kuingia.

Upande wa pili ni namna alivyowakanyaga wengine. Kampuni za treni zilihitaji mzigo wake mkubwa, basi akalazimisha zimupunguzie bei kwa siri. Mwaka 1872 kukapangwa hila mbaya zaidi: treni zimurudishie yeye na wenzake sehemu ya feza hata juu ya mizigo ya washindani wao. Yaani jirani yako analipa transport ya bidhaa yake, na wewe unapokea sehemu ya malipo yake. Habari ilipotoka, wakaaji wa eneo la mafuta waliamka kwa hasira, na mpango ukafutwa mbele haujaanza kutumika. Lakini ile woga peke yake ilitosha. Kwa muda usiofika miezi miwili, Rockefeller alinunua viwanda 22 kati ya 26 vya Cleveland. Wenye kukubali walipewa feza ao hisa. Wenye kukataa walielewa kwamba watauawa kwa bei. Kufika mwaka 1879 alishika karibu asilimia 90 ya mafuta yote yaliyosafishwa nchini Marekani.

Kati ya familia zilizoumia kulikuwa ile ya Franklin Tarbell, aliyekuwa anatengeneza mapipa makubwa ya mbao na kuchimba kidogo pale Titusville. Binti yake, Ida, alikuwa na miaka 14 wakati wa ile hila ya treni. Miaka 30 nyuma yake, akiwa mwandishi wa habari, alichimbua karatasi za mahakama na za Serikali, akazungumuza na watu wa ndani ya kampuni, na kuanzia 1902 mpaka 1904 akatoa historia ya Standard Oil, sehemu kwa sehemu, katika gazeti la McClure's. Sisi tunaofanya kazi hii ya habari tunamuheshimu sana, juu hakupiga kelele, alileta karatasi.

Angalia vizuri Ida alikuwa anashitaki nini. Hakusema mafuta yanatolewa mengi kupita kiasi. Hata ukubwa wa kampuni haukuwa kosa lake kubwa machoni pake. Alisema mchezo haukuwa wa haki, kwamba mtu mdogo alinyimwa nafasi ya kushindana. Na Wamarekani wengi walikuwa na hasira ile ile. Kwao, mkubwa anayefunga mlango wa wadogo ni kama mfalme, na nchi yao ilizaliwa kwa kumukataa mfalme. Rockefeller alipenda utaratibu bila kupoteza. Maadui wake walipenda ushindani bila bwana. Juu ya jambo moja walikubaliana bila hata kulizungumuzia: mafuta yatoke kwa wingi na yauzishwe bei ya chini.

Mtu mmoja mkubwa alijaribu kuuliza. Rais Theodore Roosevelt aliita magavana wa majimbo katika Ikulu mwezi wa 5 mwaka 1908, wazungumuzie misitu, makaa, mafuta na maji, juu aliona vinaweza kwisha. Lakini ni Serikali yake hiyo hiyo iliyoshitaki Standard Oil mwaka 1906 ili ushindani urudi, na ushindani ni kutoa zaidi. Mikono miwili ya mtu mmoja ilivuta kamba kila mmoja upande wake. Na mwaka ule ule wa 1908, Ford akatoa motokari yake ya bei nafuu, Model T.

Tarehe 15 Mei 1911, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kampuni ivunjwe. Ikagawanywa katika makampuni 34. Majina kama Exxon, Mobil na Chevron yanatoka katika vipande hivyo. Watu walifikiri mzee ameanguka. Kumbe alikuwa na hisa katika kila kipande, na vipande vikapanda bei juu motokari zilihitaji ile esansi iliyokuwa inatupwa. Taa ya umeme ya Edison ilikuwa inaua petroli ya taa mijini. Gari likaokoa kila kitu. Mwaka 1913 mali yake ilihesabiwa kuwa karibu dola milioni 900. Adhabu ya mahakama ilimutajirisha, na ile siku sijui nani alicheka zaidi.

Mwaka uliofuata kulitokea jambo ambalo halichekeshi. Jamaa ya Rockefeller ilikuwa na asilimia 40 hivi ya hisa za kampuni ya makaa ya mawe na chuma katika jimbo la Colorado. Wachimbaji, wengi wao wageni kutoka Ulaya, waligoma mwezi wa 9 mwaka 1913. Walifukuzwa katika nyumba za kampuni, wakaenda kulala katika mahema pale Ludlow, kipindi chote cha baridi. Mwana wa Rockefeller, ambaye sasa alikuwa anashika mali ya baba, aliitwa mbele ya wabunge mwanzo wa mwezi wa 4. Akatetea kampuni: kila mfanyakazi awe huru kutumika bila kulazimishwa kuingia sendika. Uhuru, tena lile neno, lakini uhuru wa mtu mmoja mmoja mbele ya kampuni nzima. Tarehe 20 Aprili 1914, askari wa jimbo na walinzi wa kampuni walishambulia kambi, mahema yakaungua. Ndani ya shimo walilochimba chini ya hema ili kujificha risasi, wanawake wawili na watoto 11 walikufa. Makaa yale yaliendesha treni na viwanda vya chuma vya magharibi, na wenye kuyanunua hawakuona shimo lile, kama vile mwenye simu kule mbali haoni shimo la koltani la Rubaya.

Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kuacha kazi ya kila siku tangu karibu 1897, akicheza gofu na kugawa feza. Alikuwa amelipa kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1890. Mwaka 1901 aliunda taasisi ya utafiti wa dawa, na mwaka 1913 Wakfu wa Rockefeller. Kuna waliosema anaosha jina, na hilo haliwezi kukataliwa lote. Lakini alikuwa anatoa sadaka tangu mshahara wa kwanza, wakati hakuna aliyemujua. Na sadaka moja imefika mpaka kwetu. Wakfu ule ulituma waganga Afrika ya Magharibi kutafiti homa ya manjano, wengine wakafia huko, kama Hideyo Noguchi, aliyekufa Accra mwaka 1928. Katika maabara ya New York, Max Theiler na wenzake walipata chanjo 17D, iliyotangazwa mwaka 1937. Chanjo hiyo bado inatumika. Kila anayeonyesha kadi ya njano mpakani ana ndani ya mkono wake kitu kilicholipwa na feza ya petroli ya taa.

Mwisho wa maisha yake, ile sheria ya nyama ya pori ilirudi kuwapiga Wamarekani. Mwaka 1930 mafuta mengi ajabu yalionekana mashariki ya Texas. Kila mwenye shamba akachimba, na katikati ya mwaka 1931 bei ya pipa ikashuka chini ya senti 15. Gavana Ross Sterling, ambaye mwenyewe alitoka katika biashara ya mafuta, akatuma wanajeshi kufunga visima. Watu wasiopenda kabisa Serikali iwaamurishe katika shamba lao wakaona askari juu ya farasi wanalinda mafuta yasitoke. Kiisha hapo ofisi ya jimbo ikaanza kupangia kila kisima kiasi chake kwa siku. Kazi ambayo Rockefeller alitaka kufanya peke yake kwa faida yake, Serikali ikaifanya kwa jina ya wote. Na bado shabaha ilikuwa bei, si kuchoma kidogo.

Rockefeller alikufa tarehe 23 Mei 1937 pale Ormond Beach, jimbo la Florida, akiwa na miaka 97. Walimurudisha Cleveland, wakamuzika katika makaburi ya Lake View chini ya mnara mrefu wa jiwe, karibu na mama yake. Mto Cuyahoga, ule uliopokea esansi ya usiku, unapita mji huo huo. Viwanda viliendelea kumwaga ndani mafuta na uchafu, na mto ule uliwaka moto mara nyingi. Mara moja ilikuwa tarehe 22 Juni 1969. Haukudumu hata saa moja, lakini habari yake ilienea nchi nzima. Mwaka 1970 Marekani ikaunda ofisi ya Serikali ya kulinda mazingira, na mwaka 1972 sheria ya maji safi ikapitishwa.